Sura ya Mume wa Jirani

Nilipoanza kupiga picha, filamu zangu zilisafiri kuliko mimi. Hapa Kalemie, upande wa Kongo, sikuwa na mtu wa kunisafishia za rangi, basi nilimpa mfanyabiashara aliyevuka ziwa kwenda Kigoma. Tangu mashua ing'oe nanga sikutulia. Nilishinda bandarini nikimsumbua kila aliyeshuka. Mke wangu alisema, "Papa, wenzako wanangojea watu, wewe unangojea makaratasi."

Kamera ya dijitali ilipokuja nilidhani nitapona wasiwasi ule, kwani picha unaiona papo hapo. Wapi! Nilizidi. Nilipiga harusi, mitumbwi, akina mama wauza ndakala, dagaa wetu wa ziwani, nikajaza picha zote kwenye kompyuta. Kuchapisha, sikuchapisha.

Msimu wa mvua uliopita upepo ulipindua mtumbwi wa jirani yetu, mvuvi, akitoka kijiji cha Mpala. Asubuhi walipoleta mwili, mjane wake alinijia.

"Papa, wewe ulimupiga picha mara mingi. Nipe sura moja tuweke kwa jeneza. Kwetu hakuna hata moja."

Niliwasha kompyuta. Diski ikanguruma, ikanyamaza. Nikaizima, nikaiwasha tena, kimya. Nje waombolezaji walikuwa wameanza kuimba. Nilipekua nyumba nzima kama mwizi, mpaka chini ya kitanda nikavuta kopo la maziwa lenye filamu za kale. Nikaziinua dirishani, na kwa kuwa kwenye filamu cheupe huwa cheusi, nyuso zimefifia, meno meusi. Ghafla nikamwona jirani yetu, bado kijana, amenyanyua wavu, anacheka. Bega lake moja lilikuwa limeshuka vilevile kama nilivyomjua ukubwani. Niliipiga filamu ile kwa simu, nikageuza rangi, nikarukia pikipiki kwenda kuichapisha mjini.

Mjane aliishika kwa mikono miwili.

"Huyu njo yeye, ni yeye kabisa," akasema. "Lakini wakati huu mimi sikumujua bado." Kisha akacheka huku machozi yanatiririka. "Alikuwa muzuri hivi, na hakuniambia!"

Wageni walioiona picha juu ya jeneza walishangaa, wakauliza ni mtoto wa nani amekufa. Alimjibu kila mmoja bila kuchoka, "Ni mume wangu."

Diski haikuamka tena. Siku hizi nikimpiga mtu asubuhi, jioni picha iko mkononi mwake. Bado sijatulia. Filamu nyingi zimebaki koponi, na wengi waliomo sina tena wa kumuuliza ni akina nani.