Nilimshtaki Jirani kwa Miche Yangu ya Kabichi

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kijijini kwetu Mwazye. Siku tatu mfululizo niliamka nikakuta miche yangu ya kabichi imelala chini, mashina yamekatwa kama kwa wembe. Hasira zikanipanda. Nikajua tu ni jirani yangu Mama Deo, maana tulikuwa tumegombania mpaka wa shamba.

Sikumuuliza. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimvamia mbele ya watu. "Kama unanichukia, nipige mimi! Kabichi zangu zimekukosea nini?"

Mama Deo alinijibu kwa hasira. "Twende hukohuko shambani. Na ninyi nyote mje!"

Tukaenda, mimi mbele, nafoka njia nzima. Nikawaonyesha mche uliokatwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama Deo akapiga magoti na gauni lake la kanisani, akafukua udongo kwa kidole pembeni ya shina, akatoa kiwavi mnene wa kijivu, amejikunja. Akanitilia kiganjani.

"Huyo ni sota. Usiku anakata miche, mchana anajificha udongoni. Haya, mfokee na yeye!"

Watu wote walikuwa wananitazama, wakisubiri nifoke.