Futi Arobaini na Mbili Zilizopungua

Thelma Tizzard aliingia kwenye chama cha wapenda meli cha Gosport kwa sababu ya mvua. Alikuwa na miaka sitini na sita wakati huo, goti la kushoto likimsumbua, basi limechelewa, na mlango uliokuwa karibu ni wa baa ya Nanga Mbili. Akaingia, akaagiza chai, akatafuta kiti. Kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na wanaume kama tisa wanaobishana utadhani wanagawana urithi.

"Ni nyekundu, ina mstari mweupe!"

"Acha wee! Hiyo ni ya Wamarekani wa kuogelea!"

Ugomvi ulikuwa juu ya bendera ambayo meli hupandisha kuzionya nyingine kwamba ina mpiga mbizi majini. Thelma alisikiliza mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasimama mlangoni na kikombe chake mkononi.

"Nyeupe na buluu," alisema. "Na mkia umepasuliwa katikati. Nimezishona kama mia nne, kwa hiyo msinibishie."

Wote wakamgeukia. Mwenyekiti wao, Leonard Sprake, dereva wa basi mstaafu mwenye masharubu yaliyofunika nusu ya maneno yake, alimvutia kiti. "Mama, umezishona wapi?"

"Kwenye karakana ya bendera za jeshi la maji. Miaka kumi na saba."

"Na siku zote ulikuwa umejificha wapi?"

"Nyumbani kwangu. Hakuna aliyeniuliza."

Tangu siku hiyo, Alhamisi, siku ya chama kukutana, ikawa siku yake pia. Wenzake walijua vipenyo vya mizinga, mwendo wa injini, mwaka ambao kila manowari ilipelekwa kukatwa chuma chakavu. Leonard alizijua namba za ubavuni za manowari zaidi ya mia mbili, ingawa mkewe alilazimika kumkumbusha siku ya ndoa yao kwa kumbandikia karatasi kwenye birika. Thelma hakujua mizinga. Kwake yeye meli ilikuwa kitu kinachoning'inia chini ya bendera, na ukimwonyesha picha ya zamani alianzia juu mlingotini akashuka. "Hii ilikuwa na admirali siku hiyo," angesema. Au, "Hawa walikuwa na haraka, tazama walivyoifunga." Mara nyingi alipatia, na walipomtania kwamba anajua kofia bila kujua kichwa, aliwajibu kuwa vichwa vya wanaume amevichoka.

Miaka mitano ikapita hivyo. Novemba ya mwaka 2016 likaja shindano la chemsha bongo dhidi ya wenzao wa Southampton, watu wa meli za abiria, ambao hapo Gosport walichukuliwa kama mashabiki wa mahoteli yanayoelea. Lilifanyika Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa kanisa, penye mikate ya soseji na birika kubwa la chai. Zawadi ilikuwa kengele ya shaba ya tagi moja ya zamani, meli ndogo ya kuvuta nyingine. Southampton walikuwa wameishikilia miaka minne mfululizo na walikuja nayo wakiigonga tangu kwenye maegesho.

"Mmeileta kututambia?" Leonard aliwauliza.

"Tumeileta ipumue hewa," akajibu kapteni wao. "Jioni inarudi nyumbani."

Muuliza maswali alikuwa Bwana Pinhorne, aliyewahi kuwa mkutubi, mtu mwembamba aliyeandika maswali yote na majibu yote kwenye daftari kubwa la jalada la kijani. Hakuna aliyewahi kumkosoa. Mpaka saa kumi na moja timu zilikuwa sare, na likabaki swali moja, na kwa kura likaangukia Gosport. Wakipata, kengele ni yao. Wakikosa, inabaki kwa aliyenayo.

Bwana Pinhorne akakohoa. "Manowari Marlstone iliporudi nyumbani mara ya mwisho, mwaka 1964, ilipeperusha bendera ya kuagia. Bendera hiyo ilikuwa na urefu gani?"

Leonard nusura acheke kwa furaha. Bendera ya kuagia ni ule utepe mwembamba mweupe ambao meli inayomaliza utumishi huupandisha mlingotini ukaburuzika nyuma yake hadi juu ya maji, na kila mmoja pale ukumbini alijua kwamba desturi huutaka uwe na urefu wa meli yenyewe. Na urefu wa Marlstone Leonard aliujua kama anwani yake.

"Futi mia tatu na sitini," aliwanong'oneza wenzake. "Tumemaliza. Sote tumekubali?"

Wawili waliokuwa kulia kwake wakaitikia. Thelma alikuwa anatazama mikono yake.

"Thelma?"

"Siyo," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo mia tatu na sitini. Ni mia tatu na kumi na nane."

Leonard aliinamisha masharubu hadi karibu na sikio lake. "Dada yangu, nakuomba. Hilo limeandikwa kwenye vitabu vitatu."

"Walioandika hawakushika mkasi. Niliyeushika ni mimi."

"Una hakika?"

"Leonard, nina hakika kuliko ninavyotaka kuwa nayo."

Leonard alimtazama usoni, akaona mashavu yamemwiva kama ya msichana aliyekamatwa anaiba biskuti. Upande wa pili Southampton walishaanza kuipangusa kengele. Leonard alijua vizuri kilichoandikwa kwenye daftari la kijani, na alijua kwamba akisema mia tatu na sitini, kengele inavuka kuja Gosport. Akasimama, akavuta fulana yake ya sufu chini ya tumbo.

"Futi mia tatu na kumi na nane," akasema kwa sauti.

"Samahani," alisema Bwana Pinhorne. "Ni mia tatu na sitini."

Southampton waliruka. Kengele ikagongwa mpaka mama mmoja jikoni akaja kuona kama kuna moto. Wenzake wawili wa Leonard walimtazama kama mtu aliyetupa mshahara baharini. Thelma hakuweza kuvumilia. Akajiinua, goti likilia, akagonga kikombe kwa kijiko.

"Msimlaumu yeye," alisema. "Mlaumuni huyu hapa. Bendera ile niliiunguza mimi."

Akasimulia kisa chote. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kitambaa cha Marlstone kilikuwa kimeshashonwa chote, kimekunjwa mezani, bado kunyooshwa mapindo. Dirishani akapita baharia mmoja wa kutoka Cornwall, mwenye miguu mirefu, akasimama kumwambia kuhusu dansi ya jioni. Thelma akaweka pasi juu ya mkunjo akaenda kumsikiliza. Alipogeuka moshi ulikuwa unapanda. Pasi ilikuwa imeshuka tabaka kwa tabaka, na walipokikunjua kitambaa, kila baada ya hatua mbili palikuwa na tundu lenye umbo lile lile, dogo kuliko lililotangulia. Futi themanini hazikufaa tena.

"Ilikuwa Jumamosi," alisema. "Stoo imefungwa hadi Jumatatu, na meli inaingia Jumapili asubuhi. Nilijua nimeshafukuzwa. Msimamizi wetu, Bi Loveday, hakunipigia kelele. Alivaa koti, akapanda baiskeli, akarudi na shuka lake jipya, zawadi ya dada yake, bado lina vibandiko vya duka. Akalichana vipande. Tukashona sote wawili mpaka saa ya chai ya alasiri. Shuka likatoa futi thelathini na nane, na basi. Arobaini na mbili zikapungua. Akaniambia, 'Angani hakuna mwenye rula, Thelma. Funga mdomo wako.' Nikaufunga. Miaka hamsini na miwili."

"Na yule baharia?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Alicheza dansi vibaya mno."

Watu walicheka sana, hata Southampton. Bwana Pinhorne peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaivaa. "Hadithi nzuri sana, Bi Tizzard. Lakini sina budi kufuata kilichoandikwa. Una ushahidi wowote?"

"Sina."

"Basi jibu linabaki lilivyo."

Kengele ikarudi Southampton. Njiani kwenda kituoni Thelma alimwomba Leonard msamaha, naye akamwambia aache upuuzi. Kwamba katika maisha yake yote ya meli hii ndiyo mara ya kwanza amejua kitu ambacho hakimo kitabuni, na kwamba angekuwa tayari kupoteza kengele mbili. Thelma alifika nyumbani akijisikia mwepesi kwa namna ya ajabu, akala chipsi na samaki sahani nzima, akalala.

Wiki tatu baadaye Bwana Pinhorne alikuja Nanga Mbili mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana hakunywa. Alikuwa na bahasha. Kapteni wa Southampton alikuwa amekisimulia kisa kile kila alikokwenda, na kikamfikia mwanamke mmoja wa Fareham ambaye baba yake alikuwa mpeperusha bendera za ishara kwenye Marlstone. Mabaharia walikuwa wamekatiana ile bendera vipande vya kumbukumbu, na baba yake alipata ncha ya mkia. Bwana Pinhorne akaitandaza mezani: kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai, pamba laini ya kulalia, si kitambaa cha bendera. Pembeni palikuwa na maua matatu madogo ya zambarau yaliyodariziwa.

"Hayo nilimwambia tuyafumue," Thelma alisema polepole. "Akasema hakuna muda."

Aliyagusa kwa kidole. Wanaume tisa wakapata shughuli ya ghafla na bilauri zao.

Southampton walijitolea kuikabidhi kengele. Leonard alikataa kata kata: timu yake ilipojibu, haikuwa na ushahidi, na yeye hataki kengele ya huruma, wataichukua mwakani kihalali. Bwana Pinhorne yeye alifungua daftari la kijani, akalikata jibu lake kwa mstari, kwa mara ya kwanza mbele za watu, akaandika mia tatu na kumi na nane. Kisha akauliza, kalamu ikiwa hewani, "Bi Loveday jina lake la kwanza nani? Nataka kumweka humu."

Thelma akalitafuta kichwani, asilipate. Alikuwa amekaa naye meza moja miaka kumi na tatu. "Bi Loveday," alisema. "Tulimwita hivyo tu."

Hilo lilimkera kuliko pasi. Jumatatu alipanda basi mpaka kanisa ambamo msimamizi wake alikuwa akisali, akamsumbua karani wa parokia asubuhi nzima mpaka rejista ikapatikana, na Alhamisi akamletea Bwana Pinhorne jina hilo kwenye kipande cha karatasi. Akasimama nyuma ya kiti chake kuhakikisha analiandika sawasawa: Hephzibah, yenye h tatu.