Nilivyoshukiwa kutia maji kwenye tangi la kompresa, Tukuyu enzi za Ujamaa

Wakuu, habari za majukumu.

Juzi kuna mdau aliuliza humu kwa nini kompresa yake inatema maji wakati anapuliza rangi. Wengi mkamjibu kwa utani. Mimi sikucheka, maana maji hayo hayo nusura yaniharibie maisha. Nasimulia kama yalivyonikuta, sitii chumvi.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa fundi rangi kwenye karakana ya ushirika pale Tukuyu. Naitwa Sefu. Babu yangu alitoka pwani na cherehani yake akahamia Bulyaga, na sisi wote tumezaliwa hapo. Lakini jambo likiharibika, bado uliitwa "mtu wa pwani".

Kompresa yetu aliiacha mzungu mmoja wa mashamba ya chai alipoondoka. Tangi kubwa, refu, linajazwa hewa na injini ya dizeli. Hakuna aliyetufundisha kulitunza. Sisi tulijua kuwasha na kuzima tu.

Siku moja nikapuliza rangi lori la ushirika, lile la kubeba ndizi na kahawa. Asubuhi tunalikuta limetoka vipele mlango mzima. Nikakwangua, nikarudia. Safari hii bunduki ya rangi ikawa inakohoa na kutema matone ya maji mbele ya macho yangu.

Msimamizi wetu, Mzee Ambakisye, mkulima wa Mpuguso na mtu wa kanisani sana, akaingia chini ya tangi. Akakuta koki ndogo imezibwa na tope na rangi kavu. Akaifungua kwa spana.

Yakamwagika maji ya rangi ya chai, mengi, hadi yakafika mlangoni.

Hakugomba. Alisimama tu akatutazama mmoja mmoja.

"Humu inaingia hewa," akasema. "Haya maji nani ameyatia?"

Vijana wa leo mnaweza msielewe uzito wa swali hilo. Wakati ule ukiharibu mali ya umma hukuitwa mzembe, uliitwa mhujumu. Jina lako likifika tawini kwa chama, hata mkeo sokoni hapokewi salamu. Na langu lilifika. Wiki hiyo hiyo mke wangu alirudi na kikapu kitupu, akaniambia wanawake wamemgeuzia mgongo.

Mimi nami nikawa na mtu wangu wa kumshuku. Lusajo, fundi injini, kijana wa Kiwira. Alikuwa akiitaka nafasi ya rangi kabla sijapewa mimi, na tangu hapo tulikuwa tunasalimiana kwa kope tu. Nikawa namvizia. Akienda kuchota maji ya rejeta ya injini, namfuata kwa macho. Nikigeuka ghafla, namkuta naye ananitazama.

Tulifanya kazi hivyo, kila mtu mgongo ukutani.

Mwisho nikachoka. Nikamwambia Mzee, "Tuondoe maji yote, tufunge koki, halafu wewe mwenyewe ukae hapo. Asisogee mtu."

Akakubali. Akaleta kigoda, akakiweka kando ya tangi, akaegemeza mgongo wake pale pale, injini ikinguruma. Alikula ndizi zake za kuchoma hapo. Hata haja alijizuia, nadhani. Jioni tukazima, tukaacha presha ishuke, akafungua koki kwa mkono wake.

Maji yakatoka.

Mzee akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Ndugu Sefu, kumbe unatumia dawa."

Hapo nilikata tamaa. Hujuma ningeweza kujitetea. Uchawi unajiteteaje?

Ukungu ulikuwa umeshashuka, kama kawaida ya Tukuyu. Mzee akavua miwani, akaipumulia na kuifuta kwa shati.

Lusajo ndiye aliyesema. "Mzee, hebu ngoja. Hayo maji kwenye kioo nani kayatia?"

"Ni pumzi yangu."

"Basi na hili tangi linavuta pumzi kutwa nzima. Tena pumzi ya Tukuyu hii, mvua haikatiki."

Mzee akaitazama miwani yake muda mrefu.

Wakati huo mimi niko chini ya tangi, maana kwenye yale maji nilikuwa nimeona magamba ya kutu. Nikaomba bisibisi. Nikakwangua rangi ya tumboni mwa tangi, taratibu, bila nguvu.

Bisibisi ikazama ndani hadi kwenye mpini.

Chuma kile kilikuwa kimeliwa kwa ndani, kimebaki kama ganda la yai. Na Mzee alishinda ameegemea hapo, geji ya presha ikisoma juu kabisa; lingepasuka, lingemuua. Alikaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Kesho yake alikwenda tawini mwenyewe. Sijui alisema nini. Ila Jumapili alikuja nyumbani Bulyaga na mkewe, wamebeba mkungu wa ndizi. Neno samahani halikumtoka. Alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akanywa chai, akaondoka.

Funzo, wakuu. Hewa ina maji, na ikibanwa huyaacha tangini. Kila jioni mkimaliza kazi punguzeni presha, fungueni koki ya chini, maji yatoke yote, na iacheni wazi hadi asubuhi. Tangi liinamie upande wa koki. Yakitoka ya kahawia yenye magamba, acheni kulitumia, aje mtu wa kulipima. Msidanganywe kuchomelea kiraka. Tulishauriwa hivyo, mimi na Lusajo tukakataa kwa pamoja.

Siku ile ya kukataa ndipo nilipomuuliza, "Ulikuwa unanishuku?"

"Sana," akasema. "Na wewe?"

"Sana."

Tukaenda kula.

Haya, wenye kompresa semeni. Mara ya mwisho kufungua koki ilikuwa lini?