Mzee Vuta Mbele ya Sindano

Nani alikudanganya kwamba muziki una noti kumi na mbili tu? Mimi nilidanganywa chuoni, miaka mitatu mfululizo, na mwishoni nikapewa cheti. Aliyenizindua ni Mzee Vuta, mpiga tromboni ambaye hajakaa darasa la muziki hata siku moja.

Jina la Vuta alipewa na wenzake kwa sababu ya ule mrija mrefu wa tromboni, anaouvuta na kuusukuma kutafuta sauti. Alianza akiwa askari kwenye bendi ya polisi, akipiga gwaride na nyimbo za maziko. Chumba alichopanga kilipakana na duka la fundi cherehani mhamiaji, aliyekuwa akipiga udi, ile ala ya nyuzi, kila alipofunga kazi. Kupitia ukuta ule Mzee Vuta alisikia sauti ambazo bendi ya polisi haikuwa nazo, sauti zinazokaa katikati ya noti moja na nyingine. Akazitafuta kwa mkono mpaka akazipata. Baadaye baharia mmoja akamwachia santuri sita za jazi. Kisha akaingia bendi ya hoteli, iliyokuwa na mpiga kodiani kutoka ng'ambo, wapiga ngoma wa makabila matatu, na mwimbaji aliyejua lugha tano na kudanganya wanawake katika zote. Kila mmoja alimwachia kitu.

Kwa kuwa hakujua kusoma noti, aliandika nyimbo zake kwa tarakimu. Tromboni ina vituo saba vya mkono, kwa hiyo kwake wimbo ni moja, nne, sita, tatu. Lakini daftari zake zimejaa pia "tatu kasoro" na "nne na chembe". Hakuna kitabu chochote chuoni chenye vituo hivyo. Nilitafuta.

Hoteli ilipoamua kwamba spika mbili zinatosha, bendi ikavunjwa na Mzee Vuta akakaa nyumbani miezi minane. Ndipo chuo chetu kikatangaza nafasi ya mwalimu wa tromboni. Mimi ni msaidizi wa idara ya muziki, na ndimi niliyempelekea fomu. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

"Nikifa na daftari hizi," aliniambia, "mama watoto atawashia jiko."

Siku ya usaili, mbele yangu na walimu wengine, mkuu wa idara aliweka mezani kifaa cha kupimia sauti. Kina sindano: ikisimama kwenye kijani, sauti ni sahihi; ikienda kwenye nyekundu, umekosea. Mzee Vuta akapiga wimbo wake mwenyewe. Mimi mwili ulinisisimka. Sindano nayo ikarukaruka kama imepandwa na mashetani. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Samahani, mzee wangu," mkuu alisema. "Unatoka nje ya sauti."

"Sitoki, mwanangu. Natembea. Hiyo sindano yako ndiyo haijawahi kusafiri."

Tulicheka sote isipokuwa mkuu. "Rudi kesho asubuhi," akasema. "Piga skeli ya kawaida, noti kwa ngazi, kijani mwanzo hadi mwisho, kazi ni yako. La sivyo tunampa mwingine."

Nilimsindikiza nyumbani nikifoka njia nzima. Nilimwambia akatae, kwamba watu kama mkuu ndio wanaozika muziki wetu ukiwa hai. Mkewe alikuwa anapiga pasi shati la kesho.

"Wewe mwana," akanikatiza, "kazi unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi mwache asiye nayo afikiri."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Usimchome, mama watoto. Kijana ana moto. Tatizo lake anapikia kwenye jiko la watu."

Asubuhi iliyofuata alipiga skeli. Juu, chini, juu tena. Sindano ikasimama kwenye kijani kama askari wa zamu. Mkuu akampa mkono, Mzee akatia saini, na mimi, nakiri, nilimkasirikia.

Kisha tukampeleka darasani. Wanafunzi tisa walikuwa wameketi, vitabu vya skeli wazi mbele yao.

"Fungeni hivyo," akasema. "Kwanza nataka kujua mmetoka kwa nani. Wewe binti wa mbele, mama yako akifua nguo huimba nini?"

Darasa likaangua kicheko. Binti akaficha uso. "Aa, mwalimu, mimi sina sauti."

"Nani kakuuliza sauti? Nimekuuliza mama."

Akaanza kuimba, kwa aibu, kwa lugha nisiyoijua, akipanda na kushuka mahali ambapo piano haina kitufe. Mzee Vuta akafumba macho, akainua tromboni, na mkono wake ukaanza kumfuata, polepole, huku wale wanane waliobaki wakisogeza viti mbele.