Tela la Kumfuata Mwanapunda

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa unyenyekevu. Mimi nasema kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Nikienda Masasi asubuhi, jioni niko kwangu Mtua, nimekaa kwenye kiti changu, nahakikisha kuku wameingia bandani. Kuna harusi huko Ruangwa niliitoroka kabla ya pilau, nikisingizia nimeacha chungu motoni, wakati jikoni kwangu hakukuwa na moto wala mtu wa kuuwasha. Kidato cha nne nilifaulu jiografia kuliko somo lolote. Mito, milima, reli, vyote navijua. Sema sijavikanyaga.

Kwa hiyo watu walipata cha kuzungumza waliposikia nataka kwenda Dodoma na tela kumleta punda.

Punda walikuwa wazo la marehemu mke wangu. Huku kwetu si mnyama wa kawaida. Watoto wengi wanamjua kwenye vitabu tu. Lakini kwenye shule ya jirani aliwahi kuletwa mwalimu mmoja wa kutoka Dodoma, akaja na punda wawili, dume na jike, wa kumvutia maji. Alipopata uhamisho wa kurudi kwao, mke wangu akawang'ang'ania. "Huyu mume wangu hatoki," alimwambia mwalimu mbele yangu, "angalau tuwe na watu wa kutoka humu ndani." Tukawanunua. Walivuta mkokoteni wa maji, wa ufuta, wa korosho mpaka ghalani. Mke wangu mbele, punda nyuma, na mimi nyumbani nikiwasubiri, na kazi yangu ilikuwa kulalamika kwamba wamechelewa.

Kisha akaondoka yeye. Watoto walikuja, tukazika, wakakaa mpaka arobaini, wakarudi Dar. Nikabaki na punda wawili. Mvua za mwaka uliofuata dume naye akalala chini asubuhi moja, hakuinuka.

Hapo lazima nimtaje jirani yangu wa upande wa mashariki, mama wa Kiyao, mjane kama mimi mgane, kanizidi umri kidogo ingawa hakubali. Mimi Mmwera. Kwa hiyo ni watani, na mgeni asiyejua utani wa huku akisikia tunavyosemeshana anaweza kukimbia kumwita mwenyekiti wa kitongoji. Kwenye msiba wa mke wangu, kaburi likiwa wazi, aliingia akalala humo akisema hatoki mpaka apewe kuku, na shehe akageukia pembeni kuficha meno. Ndiyo kazi ya mtani msibani: watu wakizidiwa, yeye anawachekesha. Basi nilipokuwa namchimbia punda shimo, nikamsikia anakuja, khanga kiunoni, analia kwa sauti.

"Shemeji yangu miye! Umeniachia nani? Umeniachia hili zee lisilotoka!"

Akaingia shimoni, akajilaza. Nikatoa kuku mwingine. Nilicheka siku ile, na ndivyo alivyokusudia.

Aliyebaki hakucheka. Yule punda jike aliacha kula. Nikimwekea pumba, ananusa kwa adabu, halafu anageuka kwenda kusimama penye ua, uso barabarani. Mbavu zikaanza kuhesabika. Nikamwita afisa mifugo. Akampima, akamfungua mdomo, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, huyu hana ugonjwa wa sindano. Punda hakai peke yake. Mletee mwenzake, la sivyo utamzika kabla korosho hazijaanza kuanguka."

Nikamuuliza kama hali hiyo huwapata punda tu. Akadhani natania.

Nikampigia yule mwalimu. Bahati nzuri alikuwa na mwanapunda, ameshaacha kunyonya, mtundu, mwenye afya. Kibali cha kumsafirisha angekishughulikia kule kule. Na bahati nyingine, kulikuwa na dereva wa Nandagala mwenye pikapu na tela, amekodiwa kupeleka Dodoma vyombo vya mtumishi mmoja aliyehamishwa, anarudi na gari tupu. Sababu za kukataa zilikuwa zinaniishia.

"Nitakubebea, mzee wangu," dereva aliniambia. "Lakini mwenye punda awepo. Mimi mnyama akinipiga teke sijui pa kumshitaki."

Nikaanza kupanga. Nilipanga safari ile kwa moyo wangu wote, maana kupanga hufanyika ukiwa umekaa. Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Dodoma: niliirudia njia mpaka ikawa kama uradi. Nikaamua atanyweshwa wapi, atapumzishwa wapi, tutasimama kwenye kivuli cha namna gani. Nikajaza viroba mchanga wa kumwaga sakafuni asiteleze. Nikakausha majani ya mbaazi, nikafunga matita. Kwa upande wangu mwenyewe nilifanya mazoezi: nikahamia kulala chumba cha watoto, nizoee ugeni. Sikupata usingizi. Ukuta ule ule, paa lile lile, lakini mlango ulikuwa upande usio wangu.

Dereva aliponiachia tela nilitengeneze, nilipanda nikasimama katikati, nikawa najitikisa huku na huku nione mwanapunda atajisikiaje kwenye kona. Sauti ikatoka ng'ambo ya ua.

"Mtani! Umehamia humo?"

"Napima mtikisiko."

"Wa kwenda wapi?"

"Dodoma."

"Wewe? Dodoma ya bungeni, au umefungua nyingine hapo nyuma ya choo?"

"Nyie Wayao mmezoea kutangatanga, ndiyo maana mnaona safari ni kitu kidogo. Sisi tunapanga."

"Panga, mtani, panga. Ila Makambako utalia. Baridi ya pale haina adabu." Alikuwa anajua, marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, na ujanani alizunguka naye njia ile.

Nikanunua blanketi. Akalishika, akalitazama kwenye jua.

"La nani hili?"

"La punda."

"Najua ni la punda. Yupi kati yenu?"

Tukakubaliana kwamba nikiwa safarini yeye atakaa na jike langu. "Nitakaa naye," akasema, "na nitamweleza ukweli wote kuhusu wewe."

Binti yangu alipopata habari alinipigia kutoka Dar. Nilidhani atafurahi.

"Baba, kumbe Dodoma unaweza kwenda?"

"Ni kwa ajili ya mnyama, mwanangu."

"Sisi tunakuita huku tangu mama afariki. Umetuambia mgongo, umetuambia kuku, umetuambia mikorosho."

Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika.

Siku ya safari ilifika. Siku hizo zina tabia hiyo. Pikapu ilikuwa imejaa makabati na magodoro, tela nusu vyombo, nusu matita yangu. Nilivaa koti la harusi yangu. Kapu langu lilikuwa na kuku wa kukaanga na vitumbua alivyonichomea mtani, akisema ameweka sumu kidogo. Jike tulilifunga kwenye mkorosho, mtani ameshika kamba. Nikakaa mbele, karibu na dereva, tukaondoka. Sikugeuka. Nilikuwa nimepanga kutogeuka.

Tulikuwa tunakaribia maduka dereva alipotazama kioo cha pembeni.

"Mzee wangu, kuna mtu anatufuata."

Hakuwa mtu. Alikuwa analia kile kilio chao cha msumeno, kipande cha kamba kikiburuta, anakimbia katika vumbi la tela kwa miguu ambayo kwa wiki kadhaa ilikuwa haina hamu hata ya kufika kwenye pumba. Dereva akasimama. Jike likafika, likaweka pua juu ya mbao za nyuma za tela, likatulia hapo, mbavu zikipanda na kushuka.

Nikateremka. Nilikuwa nimepanga kila kitu cha yule mdogo, maji yake, mchanga wake, kivuli chake. Huyu mkubwa nilimpangia mtu wa kumshika kamba tu. Hakuna aliyemwuliza kama ataweza kustahimili kuona tela jingine linaondoka. Mwili wa dume, mwenzake, tuliuburuta kwa tela pia, la trekta la jirani, mpaka shimoni.

Watu walikuwa wametoka madukani. Dereva akapiga honi kidogo, ya heshima. Nikaweka mguu kwenye gari, mguu ukakataa. Nikaushusha. Nikaupandisha tena. Na huo ndio ukweli ambao sikumwambia mtu: kama jike lisingekuja, nadhani ningeshukia Masasi.

Nikaanza kusema jambo kuhusu mgongo.

Ndipo mtani akafika, anahema, kipande cha pili cha kamba mkononi. Akalitazama jike. Akanitazama mimi, mara moja tu, na sikumbuki kama kuna mtu mwingine aliyewahi kunitazama hivyo tangu nizike. Halafu akafunga khanga upya, akawageukia watu.

"Jamani, nyote mpo? Huyu Mmwera amevaa koti la harusi aende kustarehe Dodoma, mimi aniachie kushika kamba! Kiti hiki nakiteka. Mimi ni mtani wake, nani ananizuia?"

Akapanda, akakaa kwenye nafasi yangu, akavuta kapu langu mapajani, akatoa kitumbua akakitafuna wote wakimwona. Watu wakapiga vigelegele. Mtani akiteka kitu chako hadharani huna la kufanya. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

"Na koti," akasema, mkono nje ya dirisha. Nikalivua, nikampa.

"Mzee wangu, vipi?" dereva akauliza.

"Nimeporwa," nikasema.

Wakaondoka. Mbele ya watu wote nilikuwa mtu aliyeporwa safari yake, si mtu aliyeshindwa kupanda gari. Watu waliendelea kucheka, nami nikacheka nao, nikashika kipande cha kamba, tukarudi nyumbani mimi na jike, kila mmoja akitazama upande wake.

Nilikuwa nimepanga upweke wa njiani. Wa nyumbani sikuupanga. Asubuhi nilitoka nje nikapiga chafya, hakuna aliyeniambia nife salama, kama mtani alivyozoea kunijibu ng'ambo ya ua. Nilimwagia maji michicha yake, nikawafungulia kuku wake, nikajikuta natamka kwa sauti jibu la utani ambao hakuna aliyeutoa. Kwa muda wote ule nilidhani nakaa peke yangu. Kumbe nilikuwa natukanwa kila siku, na hiyo si hali ya mtu aliye peke yake.

Alipiga simu kutoka Makambako.

"Mtani, blanketi lako jepesi kama akili zako. Amekula?"

"Kidogo. Majani ya mbaazi, kwa mkono."

"Na wewe?"

"Sikusikii, mtandao unakatika."

"Haukatiki. Nakusikia unavyohema."

Nikahamishia simu sikio la pili. Nyuma yake nikamsikia dereva anauliza bei ya viazi.

Waliporudi, tela halikusimama kwangu. Lilipita mlango wangu likasimama kwake. Mwanapunda akateremshwa, masikio marefu kupita mwili, ana vumbi la mikoa yote niliyoifaulu darasani, blanketi langu mgongoni.

"Mnyama wa safari niliyoteka ni wangu," mtani akatangaza, bado amevaa koti langu. "Ukimtaka, njoo umwombe kwa adabu. Na simtoi kwa siku moja."

Jike lilikuwa limeshafika penye ua. Mdogo akasogea. Wakanusana kupitia fito, muda mrefu, kama watu wanaokumbushana ukoo. Halafu jike likainama likala mabua yaliyokuwa chini ya miguu yake, makavu, ya tangu mavuno, kama vile hayakuwahi kuwa na kasoro.

Tangu hapo kila jioni navuka kwenda kumwomba punda wangu. Nabeba tita la majani ya mbaazi, napiga hodi, natukanwa ukoo mzima, nanyimwa, narudi. Koti nalo sijarudishiwa. Binti yangu ananiuliza lini nitakwenda Dar, namwambia siku hizi nina miadi kila jioni, naye anasema "Haya, baba," kwa namna ambayo sijui kama amefurahi au ameumia.

Jike limenenepa. Mimi bado nakula nimesimama, pale jikoni, kama mtu anayesubiri gari. Lakini dirisha la upande wa mashariki, linaloelekea kwa mtani, nimeacha kulifunga.