Msiba wa Nakonde Usio na Marehemu

Taarifa ya kifo cha wakala wetu wa forodha wa Tunduma ilinifikia kwa barua pepe, nami nikakataa kuiamini. Iliandikwa vizuri mno: pole zimekaa mahali pake, Mungu katajwa kwa adabu, saa ya ibada imewekwa. Mtasema mwandishi wenu kaanza ubishi hata mbele ya kifo. Lakini mama huyo ndiye aliyenifundisha kutoamini msiba wa kwenye skrini. Basi nikafanya ambacho angefanya yeye: nikabeba mfuko wa unga, nikapanda gari kutoka Mbozi, njia nzima nikiomba nimkute barazani kwake akipepeta mchele na kunicheka.

Niwasimulie. Msimu mmoja alikuwa na lori uani kwake, limebeba mchele wa wakulima wa Kamsamba, jasho lao la mwaka mzima, likisubiri kuvuka kwenda kwa mnunuzi wake wa siku zote kule Nakonde, upande wa Zambia. Asubuhi ikaingia barua pepe ya mnunuzi huyo: mama yangu mzazi ametutoka, dereva wangu yuko msibani, tafadhali mkabidhi mzigo dereva mwingine nitakayemtuma mchana. Lugha ilikuwa yake kabisa, hata ile tabia ya kumuuliza wakala wetu habari za magoti yake. Mimi nilikuwepo nikifuatilia karatasi za kahawa yangu, nikamshauri ajibu kwa maneno mawili ya pole, amalize kazi.

“Kaka, mtu kafiwa na mama yake, mimi nimpe pole kwenye kompyuta? Huko kwenu Mbozi ndivyo mnavyozikana?”

“Na lori?”

“Lori litasubiri, mchele hauozi. Twende tukalie.”

Akafunga geti, ufunguo wa lori akautia kwenye pochi, akakusanya wenzake wa kwaya, unga na maharage, tukavuka mpaka. Kilio chetu kilianzia kona ya mwisho, na kilikuwa kilio cha haja. Tulipoingia uani kikakatika ghafla. Marehemu alikuwa amekaa mkekani, anamenya karanga.

“Mwaiseni mukwai,” akatukaribisha kwa Kibemba chake, kisha akaingiwa na hofu. “Jamani, nani amekufa?”

Mwanawe alipotoka ndani, wakala wetu akamweleza habari ya barua. Hakuwa ameandika barua yoyote. Bibi alipoelewa alicheka mpaka karanga zikamwagika, akaamuru unga usirudi Tunduma. Tukala matanga yake huku mwenyewe akitupakulia. Na mchele ukavuka siku iliyofuata, salama.

Baadaye fundi wa kompyuta alitueleza kwamba matapeli waliingia kwenye sanduku la barua la mnunuzi, wakailisha akili mnemba barua zake za zamani, nayo ikajifunza kuandika kama yeye. Zamani tapeli tulimjua kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Siku hizi anaandika kutuzidi sisi wa magazetini, jambo linaloniuma kuliko ninavyopenda kukiri. Fundi akafunga pia mashine nyingine ya ulinzi, inayosoma barua kabla yetu na kupiga kelele ikiona mtumaji wa mashaka. Wakala wetu aliifurahia, akaiita mlinzi wake wa zamu. Ila mashine ile ya matapeli, iliyojua mpaka magoti yake, haikujua kwamba huku kwetu ukimtangazia mtu msiba, anakuja. Kosa lao lilikuwa kumuua mtu kwa maandishi tu, mahali ambapo watu huzika kwa miguu yao.

Nilipofika Tunduma, turubai lilikuwa limeshafungwa na kwaya inaimba. Barua ile ilikuwa ya kweli. Nililia waziwazi, mtu mzima mimi. Kisha nikamwona mbele kabisa yule bibi wa Nakonde, mfuko wa unga miguuni, anapiga makofi kufuata wimbo.

“Mwanangu alinisomea kwenye simu,” akaniambia. “Nikamwambia hapana, nipeleke. Nilijua nitamkuta anapika.”

Tukashikana mikono, tukacheka na machozi yetu, watu wakitushangaa. Basi msomaji wangu, weka mlinzi kwenye barua zako, ni jambo jema. Lakini mtu wako akikuandikia jambo zito, nenda ukamwone. Huenda ukamkuta anamenya karanga. Na usipomkuta, utakuwa umefika.