Nyanya zenye poda na vyura waliokwama utotoni

Wakuu, habari za huko mliko. Nimewasoma humu kimya kimya muda mrefu, nikicheka na kujifunza bure. Leo zamu yangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, wala sijayaongezea chumvi.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kitale. Niliolewa na Lado, mtu wa kabila la Wabari wa hapa Juba aliyesomea kwetu enzi za vita. Yeye ni mwalimu wa sayansi. Mimi nalima nyanya mtaani Lemon Gaba, kando ya mfereji. Kiswahili changu msikipime kwa rula.

Sasa, soko la hapa lina mambo yake. Nyanya ikiwa safi, inang'aa, mteja anaipita. Anataka yenye poda nyeupe juu. Poda ndiyo ushahidi kwamba imepigwa dawa ya ukungu na haitaoza kesho.

Kwa hiyo wakulima hatuishii kunyunyizia shambani. Tukishachuma, tunakoroga ile dawa ya unga kwenye karai, tunachovya nyanya kwa mikono mitupu, tunazianika. Zikikauka zimejipodoa kama bibi harusi.

Hakuna aliyenishauri vibaya. Ni kawaida, kila mtu anafanya.

Na kusema kweli kazi hiyo niliipenda. Alasiri jua likilegea, maji ya karai meupe kama maziwa, nyanya zinazama nyekundu zinaibuka zimefifia. Ningeweza kukaa pale hadi giza liingie.

Sijui ndoto ilianza lini. Naiita ndoto kwa sababu sina neno jingine.

Nilikuwa nalala, nikiamka bado nina usingizi. Sauti za watu zilinifikia kwa mbali, kana kwamba wako ng'ambo ya mto. Naokota nyanya, naisahau mkononi, nastuka kivuli kimeshahama. Haikuwa inauma, wakuu. Ilikuwa tamu kidogo, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Halafu nikaanza kusikia baridi. Juba! Jua la kumfanya mbuzi atafute kivuli cha mguu wake, mimi nimevaa sweta.

"Wewe nawe," Lado akanicheka, "hiyo baridi umeibeba kutoka Kitale?"

Nikacheka pia. Lakini siku hizo nilikuwa na mimba, ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka zenyewe, mapema, watu wakaniambia "malesh, pole, Mungu atakupa nyingine." Hii niliogopa hata kuitaja. Nilimtaka mtoto huyu kuliko kitu chochote duniani, nasema bila haya.

Lado akaacha kucheka, akanipeleka zahanati moja mtaa wa Hai Cinema. Daktari, mama wa makamo, alinipapasa shingo, wakanitoa damu. Majibu yakaja: tezi ya shingoni imelegea, homoni zake hazitoshi. Ndizo zinazoupa mwili joto na mwendo, na mtoto akiwa mchanga tumboni hutegemea za mama yake.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza habari ya karai.

"Sitakuapia kwamba ni hiyo dawa," akasema. "Tezi huharibika kwa mengi. Lakini dawa za aina hiyo zinajulikana kuvuruga homoni hizi. Meza vidonge hivi, na mikono yako isirudi humo."

Jioni ile Lado alikwenda peke yake mferejini, pale tunaposuuzia karai na pampu ya dawa. Akakaa huko hadi nikamfuata.

Maji yalijaa viluwiluwi. Wanene, wakubwa kupita kiasi, mikia mirefu, miguu hamna. Mvua zilikuwa zinakatika, na kwa kawaida wakati ule wangekuwa wameshapanda nchi kavu. Ndipo nikagundua kwamba msimu mzima sikusikia chura hata mmoja. Nilidhani ni ule usingizi wangu.

"Chura naye ana tezi kama yako," Lado akasema taratibu. "Ndiyo inayomwambia mkia upotee, miguu iote. Isipomwambia, anabaki mtoto tu, anaongezeka unene."

Akaongeza, "Na mimi hili nalifundisha darasani kila mwaka."

Nililia, wakuu. Nililia kwa ajili ya viluwiluwi, mtu mzima na akili zangu. Walikuwa wanaelea tu pale, hawana haraka, kama mimi na sweta langu.

Karai tukaliacha. Wiki iliyofuata akaja mteja wangu mkubwa, Auntie Keji, mama wa mtaa wa Kator aliyekulia Uganda. Akazigeuza nyanya, akashika kiuno.

"Hii iko uchi! Poda mafi, hakuna! Mimi itauzia nani?"

"Auntie, nina mimba, daktari amenikataza."

"Wanawake yote iko na mimba, na watu inakula," akanijibu. Baadaye akalegea. "Khalas, basi. Lete bei ya chini, mimi itapaka poda kwangu nyumbani."

Nikakubali, tena nikamshukuru. Miezi ikapita hivyo. Vidonge nikavimeza bila kuruka, nikarudi kupimwa kila nilipoambiwa, ukungu ukaanza kunitoka kichwani. Sweta nikalivua. Mwishowe nikajifungua binti, mzima, ana kelele za watu watatu.

Auntie Keji akaja kumwona. Akampakata, akamwimbia kwa Kibari, akaniuliza kwa upole kwa nini hasa daktari alinikataza dawa. Safari hii nikamweleza yote, hadi zile mbili zilizotoka.

Akaacha kuimba.

"Mke ya kijana yangu," akasema, "yeye pia iko na mimba. Yeye ndiyo inachovya nyanya yako."

Nilihisi baridi, na si ya tezi. Keji akanirudishia mtoto, akaondoka na Lado kwa bodaboda moja kwa moja hadi Kator, wakamtoa binti wa watu kwenye karai.

Yule dada amepimwa, yuko chini ya daktari. Bado hajajifungua. Kila simu ya Keji ikiita, moyo wangu unasimama kwanza.

Nilichojifunza: nilidhani nimeitoa sumu maishani mwangu, kumbe niliiuza bei ya chini kwa mwanamke mwingine mwenye mimba. Si kila kinachofanywa na wote kiko salama, na mwili ukianza kuota mchana, usiuchekee.

Wataalamu wa kilimo na afya, mnisahihishe nilipokosea, sitanuna. Na wengine mniambie: huko kwenu nyanya zinakuja na poda? Mnajua mikono ya nani imezichovya?